Nani Alimwona Mjusi wa Tendaguru?

Haya, wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za mnyama ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona, lakini mkimkuta pichani mnamtambua mara moja: shingo ndefu, kichwa kidogo, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Nyumbani wengi wanamwita mjusi wa Tendaguru. Wataalamu wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake imesimamishwa Berlin, Ujerumani, katika jumba la makumbusho, na kutoka unyayoni hadi utosini ni mita 13.27. Kama angekuwa hai leo mjini, angekuchungulia dirishani ukiwa ghorofa ya nne.

Sasa niwaulize. Ikiwa hakuna aliyemwona, yule aliyemchora kitabuni alijuaje tumbo lake lilivyokuwa? Nani alimwambia kwamba mkia ulikuwa juu au chini, na kwamba ngozi ilikuwa ya rangi ile? Watu wazima wengi hawaulizi. Wanaiona picha, wanaisadiki, wanafungua ukurasa mwingine. Mimi nataka ninyi muulize, kwa sababu nyuma ya kila picha ya namna hii kuna kazi kubwa na ugomvi mwingi, na ugomvi wenyewe ni mtamu.

Tuanzie kilimani. Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akitafuta madini maeneo hayo akaona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata mtaalamu wa visukuku, Eberhard Fraas, alifika kujionea, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa. Kumbukeni wakati wenyewe ulikuwaje. Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimekwisha, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi sana kusini. Katika hali hiyo mamia ya watu waliajiriwa kuchimba, kusafisha na kubeba. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja, na kazi hiyo haifanywi na mwenye papara. Wapagazi walibeba mizigo vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi, ikapakiwa melini. Kwa jumla ziliondoka zaidi ya tani 200.

Lakini kabla mfupa haujang'olewa, kuna kitu kilifanyika ambacho wasimuliaji wengi hukiruka. Mfupa ulichorwa. Werner Janensch, aliyeongoza uchimbaji huo pamoja na Edwin Hennig, alichora ramani za mashimo: paja limelala hapa, ubavu umelikingama, pingili za mgongo zimefuatana hivi, moja imeanguka pembeni. Michoro yenyewe si ya kupamba ukuta. Ni mistari tu ya penseli, namba na vipimo. Ila fikirini: mfupa ukishainuliwa, mahali ulipokuwa pamepotea milele. Ukifika Berlin ndani ya sanduku, nani atajua kwamba bega hili lilikuwa karibu na mguu ule, na kwa hiyo huenda ni vya mnyama mmoja? Mchoro ndio unaokumbuka. Hata mifupa yenyewe baadaye haikusalimika yote. Katika Vita Kuu ya Pili Berlin ilipigwa mabomu, na sehemu ya mifupa ya Tendaguru ikapotea, hasa ya mnyama mwingine wa huko mwenye miiba mgongoni na mkiani, Kentrosaurus. Hennig alikuwa ameshaichora na kuichapisha. Leo anayetaka kujua baadhi ya mifupa hiyo ilikuwa na umbo gani anafungua michoro ya Hennig, kwa sababu hakuna kingine cha kufungua.

Tuseme sasa mifupa iko mezani. Mchoraji anaanzaje kumrudishia mnyama nyama?

Jaribuni jambo moja nyumbani. Sikukuu ikipita, ombeni mfupa wa paja la mbuzi uliokwisha kuliwa. Uchemsheni, uosheni, uacheni ukauke juani, kisha upapaseni kwa kidole gumba toka juu hadi chini. Mahali pengine ni laini kama bilauri. Mahali pengine mtakuta pamekwaruza, pana kijituta au mstari ulioinuka. Hapo ndipo kano ziliposhika, na mwisho wa kano ndipo msuli ulipovuta. Msuli wenye kazi kubwa huweza kuacha alama kubwa. Mfupa wa dinosaria kama mjusi wetu nao una alama hizo hizo, ila zake mtazipapasa kwa kiganja kizima. Mchoraji hodari huzisoma moja baada ya nyingine, kisha huangalia wanyama walio hai ambao ni ndugu wa dinosaria, yaani ndege na mamba, aone msuli unaoshika mahali pale kwao unakwenda wapi. Ndipo anapochora msuli. Juu ya msuli ndipo huja ngozi, na ngozi si ya kubuni tu: yapo mawe yaliyohifadhi alama ya ngozi ya jamaa wa mjusi wetu, wale wakubwa wenye shingo ndefu, na yanaonyesha magamba madogo yaliyopangwa bila kulaliana.

Mpaka hapo mnaweza kudhani ni kazi ya kufuata kanuni, na anayezifuata hakosei. Sikilizeni basi kisa cha maji.

Mwaka 1941 mchoraji mmoja wa Kicheki, Zdeněk Burian, alimchora mjusi wetu. Wakati huo bado akiitwa Brachiosaurus, jina alilopewa na Janensch mwaka 1914. Burian alikuwa fundi wa hali ya juu. Sijui wachoraji wengi waliomfikia. Alimchora mnyama amesimama chini ndani ya maji mengi, mwili wote umezama, shingo imepanda juu na kichwa kimetokeza kupumua. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Vizazi vya watoto vilikua vikiamini kwamba majitu yale yaliishi majini.

Burian hakuzua. Alichora walichokuwa wakisema wataalamu wengi wa siku zake. Walisema mnyama mzito kiasi kile miguu yake isingemhimili nchi kavu, kwa hiyo lazima maji yalimsaidia kubeba uzito. Tena tundu za pua kwenye fuvu ziko juu, karibu na paji la uso. Za nini huko juu kama si kupumulia huku umezama? Hoja zilishikamana vizuri, na picha ikazifanya zionekane kweli tupu.

Halafu mtu mmoja akapiga hesabu. Mwaka 1951 K. A. Kermack alieleza kwamba maji yana uzito, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyokubana. Ukifika mita 10 chini, mkandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu. Mnyama aliyesimama vile kifua chake kingekuwa mita kadhaa chini huku pua ikivuta hewa ya juu. Mapafu yake yangebanwa asiweze kuyapanua. Watoto wa pwani naomba mnisikilize hapa: msijaribu kuzama na bomba refu mdomoni mkidhani mtapumua. Hata kina kidogo tu kinatosha kumshinda mtu, na ni hatari kwelikweli.

Mambo hayakuishia hapo. Pingili za shingo na mgongo wa wanyama hawa zina vishimo na vyumba vya hewa, kama ilivyo kwa ndege, kwa hiyo miili yao ilikuwa myepesi kuliko inavyoonekana. Mwaka 2004 mtaalamu Donald Henderson aliwaunda kwenye kompyuta akawaweka majini: wakaelea, tena kwa kuyumba. Asiyezama atasimamaje chini ya ziwa? Na zile pua? Mwaka 2001 mtaalamu Lawrence Witmer alilinganisha mafuvu na wanyama wengi walio hai, akaonyesha kwamba tundu la kwenye mfupa linaweza kuwa juu huku pua ya nyama ikifunguka mbele kabisa, karibu na mdomo. Basi kidogo kidogo wachoraji wakamtoa mjusi majini, wakamsimamisha nchi kavu kwenye miguu iliyonyooka, wakamsogezea pua mbele.

Kwa nini hata baadaye wataalamu walimwona mzito mno? Hapa mchoro wenyewe una sehemu ya lawama, na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1962 mtaalamu Edwin Colbert alitaka kujua mnyama huyu alikuwa na uzito gani. Huwezi kumweka kwenye mizani. Akachukua kisanamu chake kidogo, akapima kwa mchanga kinajaza nafasi kiasi gani, akazidisha kufikia ukubwa wa mnyama mzima. Akapata tani 78. Baadaye wengine walipima kwa visanamu vyembamba zaidi, vilivyofuata mifupa kwa karibu, na mwaka 1988 hesabu moja ikatoa tani 32 hivi. Mifupa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni unene aliopewa na mkono wa msanii. Aliyekifinyanga kisanamu cha kwanza hakukusudia kumdanganya mtu. Alimpa tumbo aliloona linafaa. Lakini tumbo hilo likageuka tani. Mkichora tumbo la mnyama wa kale, jueni kwamba mnasema jambo la sayansi, mtake msitake.

Aliyetoa hesabu ile ya 1988 ni Gregory Paul wa Marekani, na kazi yake ni uchoraji. Huchora viunzi vya dinosaria kutoka ubavuni, mfupa kwa mfupa, kwa vipimo. Siku hizo watu wote walihesabu mjusi wa Tendaguru kuwa jamii moja na Brachiosaurus wa Marekani, yule aliyechimbwa Colorado mwaka 1900. Paul alipowachora wote wawili aliona migongo haikubaliani. Pingili za huyu si kama za yule, kiwiliwili cha huyu si kama cha yule. Akapendekeza wa Tendaguru awe na jina lake, Giraffatitan. Wengi hawakumfuata mara moja. Mwaka 2009 Michael Taylor wa Uingereza alizipitia tofauti hizo kwa kirefu, akakubali kwamba hawa ni wanyama wawili tofauti. Mwanzo wa yote ulikuwa jicho la mtu aliyeshika kalamu akalazimika kuufuata kila mstari. Anayesoma maelezo anaweza kupita haraka. Anayechora hana njia ya mkato. Lazima aamue mfupa huu unaishia wapi.

Hata kile kiunzi cha Berlin ni mchoro wa aina yake, umechorwa kwa mifupa hewani. Kiliposimamishwa mwaka 1937, miguu ya mbele ilikunjwa viwiko vikatazama nje, na mkia ukaburutwa sakafuni. Miaka 70 baadaye, mwaka 2007, kilisimamishwa upya: miguu ya mbele imenyooka chini ya mwili, mkia umeinuka na hauigusi sakafu. Tena si kila mnachokiona pale ni mfupa. Pingili za mgongo na shingo ni mifano iliyofinyangwa, kwa kuwa zile za asili ni nzito na zinavunjika upesi mno kuning'inizwa juu. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua. Mimi naona ni wajibu wa makumbusho yoyote kumwambia.

Na sisi je, ambao hatuko Berlin? Mjadala wa kurudisha mifupa hiyo nyumbani umekuwapo miaka mingi, na Tanzania umefika hadi bungeni. Sina nafasi ya kuumaliza leo. Ninachojua ni kwamba mtoto wa Lindi, anayeishi juu ya ardhi ilikotoka, leo anamwona mnyama huyu kwa picha. Kwa mtoto huyo picha si nyongeza ya sayansi. Ndiyo sayansi yote anayopewa. Ikiwa mbovu, amepewa kitu kibovu.

Mnataka kuipima picha kama ni nzuri? Anzeni kwa kuangalia miguuni pa mnyama. Mkikuta nyasi, mchoraji amekosea: nyasi hazikuwapo bado duniani. Wala hapakuwa na minazi, mibuyu au mikorosho ambayo leo imejaa Lindi. Palikuwa na kangaga, mimea jamii ya mitapo, na miti jamii ya misonobari, na bahari haikuwa mbali. Angani muweke watambaazi wenye mabawa ya ngozi, si kunguru. Kisha angalieni rangi. Kwa dinosaria wachache wadogo wenye manyoya, wataalamu wamepata chembechembe za rangi ndani ya visukuku. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba mmoja wa China, Sinosauropteryx, alikuwa na mkia wa mistari ya wekundu wa kahawia na weupe. Mjusi wa Tendaguru hajaacha ushahidi kama huo. Kijivu mnachokiona vitabuni ni mazoea tu. Mkimpa madoa, hakuna wa kuwashitaki, ili mradi mseme kwamba madoa ni yenu.

Kusema ni yapi yako na ni yapi ya ushahidi, hapo ndipo uaminifu wa mchoraji unapopimwa. Kwa mfano, kaskazini mwa Tanzania, Laetoli, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za mababu wa kale wa binadamu katika majivu ya volkano yaliyoganda, za miaka milioni 3.66. Katika makumbusho moja ya New York wametengenezwa watu wawili wa nyayo hizo wakitembea bega kwa bega, mwanamume amemzungushia mwanamke mkono begani. Inavutia, na mtu haisahau. Lakini nyayo zinasema tu kwamba kuna waliopita hapo kwa miguu miwili, wakielekea upande mmoja. Huo mkono begani umeletwa na msanii, na hata hilo la kuwa ni mume na mke ni lake.

Wachoraji wa viunzi wana desturi moja ninayoipenda mno. Hutia mwili mzima rangi ya kivuli, kisha mifupa iliyopatikana kweli wakaiacha nyeupe. Unatupa jicho mara moja na kujua: hiki tunacho, kile tumekisia. Mpaka leo, kwa mfano, hawajakubaliana mjusi wetu alishikaje shingo. Kent Stevens aliyeziunganisha pingili za jamaa zake kwenye kompyuta alisema shingo ilinyooka mbele zaidi kuliko juu. Taylor na wenzake waliangalia wanyama walio hai, wakaona wanapokuwa macho na watulivu huinua shingo kuliko mifupa mitupu inavyodokeza, wakasema basi hata huyu aliinua. Mimi niko upande wa Taylor. Mnyama ambaye mabega yake yenyewe yameshapandishwa na miguu mirefu ya mbele, sioni kwa nini aende ameinama.

Yupo mwingine wa Tendaguru ambaye nawaachia ninyi. Mwaka 2019 alipewa jina Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza inawaenzi Wamwera, wenyeji wa nchi ile, na ya pili inamkumbuka Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji ule wa zamani. Naye ni wa kundi la wenye shingo ndefu, lakini alichotuachia ni mfuatano wa pingili za mkia tu. Shingo yake ni kivuli, kichwa ni kivuli, miguu yote minne ni kivuli. Anayetaka kumchora aanzie mkiani.